Theluji Inapogoma Alps

Tarehe 1 Januari 2023 kipimajoto cha Delémont, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Uswisi, kilifika nyuzi 20.2 za Selsiasi. Kabla ya siku hiyo hakuna kituo cha Uswisi cha upande wa kaskazini wa Alps kilichowahi kugusa nyuzi 20 mwezi wa Januari. Siku sita baadaye, kule Adelboden, wanaskii bora wa dunia walishindana kwenye mteremko wa Chuenisbärgli juu ya ukanda mwembamba wa theluji ya mashine: kulia malisho ya ng'ombe, kushoto malisho ya ng'ombe. Marco Odermatt alishinda mbio za slalomu kubwa, na mashabiki wake wa nyumbani walimshangilia wakiwa wamekanyaga nyasi. Upande wa Gstaad, helikopta ilisomba theluji ili kuunganisha njia zilizokatika. Kelele zilizopigwa kuhusu helikopta hiyo zilikuwa nyingi, na kwa maoni yangu zilistahili.

Theluji kugoma hakukuanza juzi. Olimpiki ya Innsbruck ya mwaka 1964 iliokolewa na jeshi la Austria, lililosomba takriban mita za ujazo 40,000 za theluji na matofali 20,000 ya barafu hadi kwenye viwanja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 majira matatu mfululizo ya baridi yaliwaacha wenye lifti za miinuko ya chini wakitazama udongo. Tofauti ya sasa ni kwamba jambo hilo halishangazi tena. Alps zimeongezeka joto kwa karibu nyuzi 2 tangu mwishoni mwa karne ya 19, kama mara mbili ya wastani wa dunia. Watafiti waliochambua kumbukumbu za vituo vya Uswisi walikuta kwamba, ukilinganisha na mwaka 1970, msimu wa theluji unachelewa kuanza kwa siku 12 na unawahi kuisha kwa siku 26. Wengine, katika bonde la Val Ventina huko Italia, walisoma pete za vichaka vinavyotambaa ardhini, ndugu wa mtarakwa wetu, wakarudi nyuma miaka mia sita bila kuona kipindi ambacho theluji ilidumu muda mfupi kama sasa.

Kwa hiyo anayepanga likizo ya skii leo apange akijua theluji huenda ikawa haba, kama anayepanga harusi ya Aprili Dar es Salaam anavyokodi turubai kabla hajaulizwa.

Na wapo wasomaji wanaopanga. Kuna familia za Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza na Ujerumani ambao watoto wao wanarudi kutoka shule na barua ya safari ya skii. Kuna wanaotoka Nairobi au Dar moja kwa moja, ambao wameshapanda Kilimanjaro na sasa wanataka kuuona mlima kwa namna nyingine. Wanaodhani mchezo huu hautuhusu wamkumbuke Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliyeiwakilisha Kenya katika skii ya milimani kwenye Olimpiki ya PyeongChang mwaka 2018.

Ushauri unaotolewa Ulaya kila mwaka wa theluji haba ni mmoja: subiri. Usilipe kitu mpaka theluji ianguke, kisha tafuta ofa ya dakika za mwisho na uelekee ilikoanguka. Ni ushauri mzuri kwa mtu anayeishi München, ambaye Alhamisi jioni anatazama utabiri na Jumamosi asubuhi yuko mlimani. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi huko na kibali chake cha ukaazi cha Ujerumani naye anaweza kuufuata, kwa kuwa Austria na Uswisi ziko ndani ya Schengen.

Mwenzake anayeishi Birmingham hawezi, kibali chake cha Uingereza hakimvushi mpaka. Yeye, sawa na aliyeko Nairobi au Mwanza, anahitaji viza ya Schengen, na viza haisubiri mawingu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Lakini siku 15 ni za kwenye karatasi. Nafasi ya miadi peke yake inaweza kula wiki kadhaa. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudi ukinyimwa. Unatakiwa uonyeshe mahali utakapolala, tarehe zako, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Maombi unayapeleka kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Maana yake, mwezi Oktoba, kabla hata punje moja haijaanguka, wewe umeshasema utakuwa wapi Februari.

Asiyeweza kuchagua wakati basi achague mahali, na achague mahali penye milango mingi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza kabla hawajavaa skii. Wanaona picha ya kijiji kizuri chenye nyumba za mbao na kanisa lenye mnara mwembamba, wanalipia siku saba, na kijiji hicho kina mlima mmoja tu, wenye kilele kisichofika mita 2,000. Mwaka mzuri ni raha tupu. Mwaka mbaya unalipa hoteli ya bei ya Februari ili utazame matope kupitia dirisha safi.

Mimi ningelala mjini. Chukua Innsbruck: ni mji halisi wenye vyuo, masoko, mabasi na vyumba vya bei mbalimbali, na kuna tiketi moja ya lifti inayofungua vituo kadhaa vinavyouzunguka. Kati ya hivyo kuna Kühtai, ambako kijiji chenyewe kiko mita 2,020, na barafuto (mto wa barafu wa mlimani) ya Stubai ambayo lifti zake zinafika zaidi ya mita 3,200. Theluji ikiwa nzuri chini, unakaa karibu. Ikiwa mbaya, unapanda basi kwenda juu. Yote hayo ni Austria, kwa hiyo hata ofisa wa viza hana swali. Brig, katika jimbo la Valais nchini Uswisi, inafanya kazi hiyohiyo kwa treni: Zermatt upande mmoja, vijiji vya Aletsch upande mwingine, na Italia ng'ambo ya handaki la Simplon.

Handaki si jambo dogo. Alps ni ukuta, na mara nyingi ukuta huo hulowa upande mmoja tu. Dhoruba zinazotoka kaskazini-magharibi humwaga theluji Uswisi na Austria na kuiacha Italia kavu. Mfumo wa mvua ukijikusanya kwenye ghuba ya Genoa, mambo yanageuka. Msimu wa 2013/14 upande wa kusini ulizikwa na theluji huku kaskazini wakilalamika. Msimu wa 2021/22 kusini kulikauka, na kiangazi kilichofuata mto Po ukapungua hadi kutangazwa hali ya dharura. Anayefikia Geneva ana bahati ya kuwa karibu na nchi tatu, na handaki la Mont Blanc, kilomita 11.6, linamtoa Chamonix na kumtema Courmayeur upande wa Italia.

Kuhusu mwinuko, kuna hesabu moja ya kukumbuka: joto likipanda nyuzi 1, mstari wa theluji ya uhakika hupanda kama mita 150. Kanuni ya zamani ya biashara hii ilikuwa kwamba kituo cha kutegemewa kina angalau sentimita 30 za theluji kwa siku 100 za msimu, na miaka iliyopita hilo lilipatikana kuanzia mita 1,200 au 1,300. Sasa wengi wanazungumzia 1,500 na zaidi. Kitzbühel mjini ni chini ya mita 800, Morzine ni kama 1,000. Obergurgl ni 1,930, Tignes 2,100, na Val Thorens, kijiji cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya, ni 2,300. Ukitazama ramani ya kituo, usidanganywe na kilele kilichoandikwa kwa herufi kubwa. Uliza lifti za katikati zinaanzia wapi, na njia za wanaoanza ziko wapi. Vituo vingi vimeweka njia za wanaoanza chini kabisa, karibu na hoteli, mahali ambapo theluji huondoka kwanza. Kituo chenye uwanja wa kujifunzia juu, unaofikiwa kwa gari la kamba, kina thamani kubwa kwa familia yenye watoto hata kama jina lake halijulikani.

Ila mwinuko una kodi yake. Juu ya mstari wa miti hakuna kinga ya upepo, na siku ya ukungu huoni ardhi inapoishia wala mbingu inapoanzia. Ardhi ya juu ni miamba, ambayo inataka theluji nene ndipo ifunikwe, ilhali malisho laini ya Kitzbühel yanateleza vizuri kwa sentimita 20 au 30. Na barafuto si dawa ya kila kitu. Zermatt na Cervinia ya Italia ziliandaa mbio za Kombe la Dunia za kushuka kutoka nchi moja hadi nyingine, zikianzia kwenye barafu iliyo juu ya mita 3,000. Mwaka 2022 zilifutwa kwa kukosa theluji. Mwaka 2023 zilifutwa kwa sababu theluji na upepo vilizidi. Kiangazi cha 2022 Zermatt ililazimika kusimamisha skii ya kiangazi, na barafuto za Uswisi zilipoteza asilimia 10 ya ujazo wake kwa miaka hiyo miwili peke yake.

Kinachookoa likizo nyingi siku hizi ni mashine. Ukiisogelea usiku, unaisikia kabla hujaiona: feni kubwa kwenye mguu wa chuma, inanguruma kama inataka kuruka, na mdomoni ina duara la matundu madogo yanayorusha maji yaliyosagwa kuwa ukungu. Matone yanaganda yakiwa hewani na kuangukia kwenye rundo, na matrekta yanalisambaza kabla ya alfajiri. Mita moja ya ujazo ya maji inatoa zaidi kidogo ya mita mbili za theluji. Lakini mashine haiwezi kushinda hewa. Inahitaji baridi ya kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na kipimo kinachotumika kinahesabu pia unyevunyevu: hewa kavu inaruhusu kazi hata kukiwa na joto kidogo zaidi, hewa yenye unyevu inagoma. Ndiyo maana swali la kumuuliza mwenye hoteli ni kama mashine zimepata usiku wa baridi wa kutosha mwezi wa Novemba na Desemba. Mashine alizonazo ni nusu tu ya jibu.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Katika mwaka wa theluji haba, mahali salama huenda pakawa pale ambapo theluji ya asili haikuwahi kuwa nyingi. Dolomiti za Italia zina majira makavu ya baridi, na wenyeji wake walijifunza mapema kutoitegemea mbingu. Karibu njia zote za mtandao wao mkubwa zina mashine. Italia kwa jumla imezifunga kwenye takriban asilimia 90 ya njia zake, Austria karibu 70, Uswisi zaidi kidogo ya nusu, Ufaransa chini ya 40. Maji na umeme vinavyoliwa ni hoja nyingine, tena nzito, na mabwawa yanayochimbwa milimani kwa ajili ya mashine yameleta ugomvi mkali, hasa Ufaransa. Anayekwenda huko asijifanye hajui anachonunua.

Wiki mbili kabla ya safari, utaanza kusoma taarifa za theluji. Tuseme kituo kinaandika: juu sentimita 90, chini sentimita 10, njia zilizofunguliwa kilomita 70 kati ya 160. Tisini ya juu inavutia, lakini hupimwa mahali pazuri na watu wenye bidhaa ya kuuza. Zaidi ya nusu ya njia kufungwa nako hakusemi mengi mpaka ujue ni zipi. Nenda kwenye orodha ya lifti, tazama kama lifti zinazounganisha mabonde zinafanya kazi, kisha tazama kama njia ya kurudi kijijini imefunguliwa. Isipofunguliwa, kila jioni watu wote mlimani watapanga foleni ya kushuka kwa gari la kamba. Mwisho tazama kamera za kituo, na uzitazame saa tisa alasiri. Asubuhi kila mteremko ni mweupe. Mchana ndipo nyasi zinapojitokeza pembeni.

Tarehe nazo ni mtihani kwa watu wetu. Shule za Tanzania na Kenya hufunga Desemba, kwa hiyo familia hukimbilia Krismasi, wakati ambao bei ziko juu na theluji haijajikusanya. Kwenye miinuko mikubwa theluji hufikia kilele cha unene wake mwezi Machi, hata mapema Aprili. Likizo ya Aprili ya shule za Kenya, ambayo wengi hawaifikirii kabisa, inaangukia wakati Val Thorens bado iko wazi, mchana ni mrefu, na asubuhi njia ni imara. Saa saba mchana theluji imekuwa uji na watu wamekaa nje wakila. Hiyo ni skii ya nusu siku, sawa, lakini ni nusu siku ya uhakika. Anayebanwa na likizo ya nusu muhula ya Uingereza mwezi Februari ana shida nyingine: Wafaransa nao wanafunga shule kwa zamu katika wiki hizohizo, na theluji ikiwa haba, umati wote unabanwa kwenye njia chache zilizobaki.

Kubanwa huko ndiko kunakovunja miguu. Theluji ya mashine ni nzito na ngumu kuliko ya mawinguni, ukiangukia, inajibu. Wanaoanza, waliochoka na wenye kasi wote wako kwenye ukanda mmoja. Ingia mapema, toka wenzako wanapoanza kurudi kutoka chakula cha mchana, na mtoto asikose kofia ngumu.

Usidhani pia kwamba theluji chache ni theluji salama nje ya njia zilizowekewa alama. Tabaka jembamba lililokaa wiki nyingi chini ya usiku mkavu wa baridi hugeuka kuwa punje kubwa zisizoshikana. Theluji mpya ikija juu yake, inakaa kwenye msingi mbovu, na hatari ya maporomoko inaweza kudumu wiki nyingi. Miamba iliyofichwa na theluji kidogo iko palepale. Taasisi ya utafiti wa theluji ya Davos hutoa kila siku ya majira ya baridi kiwango cha hatari, kutoka 1 hadi 5, na watu wengi hufa kikiwa 3, kiwango ambacho masikioni kinasikika kama cha kati tu.

Bima isomwe, isinunuliwe tu. Ile ya euro 30,000 uliyoiambatanisha kwenye maombi ya viza mara nyingi haigusi skii kabisa mpaka uongezee malipo ya michezo ya theluji, na hata hapo kuteleza nje ya njia kunaweza kuachwa. Kushushwa kwa helikopta na mguu uliovunjika ni bili ambayo hutaki kuipokea Mbagala. Baadhi ya bima za Uingereza hulipa kiasi kwa kila siku ambayo njia zimefungwa, au nauli ya kwenda kituo jirani, lakini masharti ni mengi: mwinuko wa kituo, tarehe za msimu, asilimia ya lifti zilizofungwa. Lifti moja ya watoto ikifanya kazi, kampuni inaweza kukwambia kituo kiko wazi. Tiketi za lifti nazo zina mtego. Baadhi ya vituo vya Uswisi huziuza rahisi mapema na kuzipandisha siku zinavyokaribia, na ile rahisi ndiyo isiyorudishwa. Katika mwaka wenye mashaka, ninalipia kitanda chenye ruhusa ya kughairi na kuacha tiketi ya lifti hadi asubuhi yenyewe, hata kama inaniuma.

Yapo ya kufanya milima ikigoma. Leukerbad, Uswisi, ina maji ya moto ya ardhini. Njia za sleji huhitaji theluji kidogo. Lakini mtu aliyevuka ikweta kwa ajili ya skii hafarijiki sana na bwawa, na sitamdanganya.

Hesabu ya mbele si nzuri. Utafiti wa mwaka 2023 uliopitia vituo 2,234 vya Ulaya ulikuta kwamba dunia ikipata ongezeko la nyuzi 2, zaidi ya nusu vitakuwa kwenye hatari kubwa sana ya kukosa theluji ikiwa havina mashine. Kwa nyuzi 4 ni karibu vyote. Métabief, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa, imekwisha kupanga kuachana na skii ya miteremkoni kati ya 2030 na 2035. Oktoba 2024 wakazi wa Seyne, katika Alps za Ufaransa, walipiga kura kituo chao cha Grand Puy kifungwe. Vinavyokufa ni hivi vidogo, vya chini, vya bei nafuu, ambako mtu alijifunza bila aibu na bila kufilisika. Vinavyobaki viko juu na ni ghali, na mgeni wa mara ya kwanza kutoka kwetu ndiye atakayelipa bei hiyo huku siku mbili nzima akizimaliza kwa kuanguka.

Kwa huyo nina pendekezo moja. Baadhi ya safari za ndege za kutoka Nairobi na Dar kwenda Ulaya hupitia Dubai, na Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, imekuwa na theluji chini ya paa tangu 2005, mteremko wake mrefu ukiwa mita 400. Mazingira yake ni ya ajabu, na umeme wake sitaki kuuwaza. Ila kwa siku moja ya kusimama njiani, kama viza ya huko si tatizo kwako, unaweza kujifunza kufunga buti, kupanda lifti na kusimama bila kumgonga mtu. Ukifika Alps ukakuta kilomita 70 badala ya 160, hizo sabini zote utazitumia.